Kigoda Chini ya Bamba

9 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la karakana limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza yangu ya hesabu. Nimesogeza meza. Kaka anasema sasa nimeziba njia.

11 Machi

Kazi mpya. Mwenye kinu cha nafaka anataka jukwaa la chuma uani kwake, urefu mita sita, upana mita nne. Juu yatapangwa magunia, chini watakaa akina mama wanaopepeta. Anataka liwe tayari kabla mavuno hayajaanza kuingia. Alipoondoka, Kaka aliniambia, "Haya, piga hesabu zako za woga. Ila upige haraka."

Kaka ndiye mkuu wa karakana tangu Baba afariki. Kazi yangu mimi ni kukokotoa mizigo: bamba liwe na unene gani, mihimili iwe na kimo gani, fremu ibebe nini bila kupinda. Baba alinianzisha, chuo kikanimalizia. Baba ndiye aliyeniita Rula, na jina limeganda.

Alituachia pia desturi ambayo sijaisikia kwenye karakana nyingine yoyote. Kabla ya kukabidhi kazi, tunapakia magunia ya mchanga juu yake mpaka uzito kamili, na aliyepiga hesabu anakaa chini, kwenye kigoda, anakunywa chai. Wateja wanaipenda sana. Mtu akishamwona mwenye hesabu anapuliza kikombe chini ya tani kadhaa, haulizi cheti. Kigoda ni kilekile cha Baba.

12 Machi

Siku nzima hesabu. Siku kama hizi nasahau kwamba nina kaka.

Mzigo haupotei, unapokezanwa. Gunia linalikabidhi bamba, bamba linaikabidhi mihimili midogo, midogo inaikabidhi mikubwa miwili ya pembeni, nayo inazikabidhi nguzo, nguzo zinaikabidhi ardhi. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna anayekabidhiwa asichoweza. Bamba peke yake ni godoro bila kitanda, ukikaa katikati linakumeza. Kitanda ndiyo fremu.

Magunia mia mbili na arobaini, kila moja kilo hamsini. Tani kumi na mbili. Kila mhimili mkubwa unachukua nusu, na uzito wake wenyewe. Nimerudia mara tatu na jibu ni lilelile: mihimili mikubwa iwe na kimo cha sentimita ishirini na nne. Ya ishirini haitoshi. Watu wanadhani ni tofauti ndogo, lakini kimo ndicho chenye nguvu, na ukikipunguza kidogo, nguvu inaporomoka.

Shubiri yangu ni sentimita ishirini kamili. Baba aliipima nilipoacha kukua, akaniambia, "Sasa una kipimo ambacho hakuna atakayekuibia." Kwa hiyo mihimili ya jukwaa hili ni shubiri na vidole viwili.

15 Machi

Kaka amempiga Cheche.

Cheche ndiye fundi mchomeleaji wetu mkubwa, yuko hapa tangu enzi za Baba. Sakafu ilikuwa na maji mpaka vifundoni, waya wa mashine ya kuchomelea umelala ndani yake. Cheche akasema hachomelei mpaka maji yatoke.

"Mkubwa, umeme utaniua."

"Basi utakufa ukiwa kazini."

Kisha Kaka akamchukua Mshauri. Mshauri ni kipande cha bomba la chuma, urefu wa mkono, kimebonyea upande mmoja. Vibarua ndio waliolibatiza, maana Kaka husema, "Unataka nikuitie mshauri?" Alimpiga Cheche mara mbili mgongoni na mara moja kwenye paja. Sauti yake si kama ya fimbo. Ni nzito, kama mtu anapiga godoro lililolowa.

Cheche aliinuka, akavaa miwani yake, akachomelea.

Nilimwambia Kaka asirudie. Akaniambia nirudi kwenye rula zangu.

16 Machi

Mvua. Cheche anatembea kama mzee.

21 Machi

Mvua. Kibarua mmoja amecheka wakati Kaka anaongea. Ameondoka na jino lake mfukoni.

27 Machi

Barabara imekatika. Lori lenye mihimili yetu limekwama ng'ambo ya mto, na dereva amepiga simu kusema yeye na vyura sasa wanafahamiana kwa majina. Mwenye kinu naye amepiga simu asubuhi, mchana na alasiri.

Kaka alikuja mezani kwangu. "Ile mihimili ya ishirini iliyoko nyuma ya stoo. Itumike."

"Haitoshi."

"Sentimita nne, Rula! Nne! Ni vidole hivi."

"Nguvu yake ni sita kwa kumi ya ile tuliyoagiza. Mhimili ukiwa na bahati utabeba siku ya kwanza. Siku ya pili utapinda. Siku ya tatu utawaangukia wale akina mama."

"Baba alijenga kwa macho. Hakuwa na makaratasi haya."

"Baba alipiga hesabu wewe ukiwa umelala. Mimi nilimshikia taa."

Hapo ndipo nilipomchoma. Nililijua hilo wakati maneno bado yako mdomoni, na sikuyarudisha. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umelala juu ya mchoro. Mshauri alishuka juu yake. Nilisikia kabla sijahisi, mlio mdogo, kama kijiti. Kidole cha pete na cha mwisho vilikuwa vinaangalia upande usio wao.

Nilipiga ukunga. Mama alitoka mbio nyumbani, ni hatua chache tu kutoka karakana, ameshika mwiko. Akautazama mkono wangu, akamtazama Kaka, akasema, "Nyinyi watoto mtaniua!"

Nyinyi. Alitumia wingi.

30 Machi

Naandika kwa kushoto. Mwandiko wa kuku. Nimeambiwa nikae nyumbani.

4 Aprili

Mvua.

5 Aprili

Mvua. Mama ananilisha kama mtoto na kunihubiria kama mkosaji. "Mdomo huponza kichwa, mwanangu." Nimemwambia kilichoponzwa ni vidole. Amenuna mpaka jioni.

12 Aprili

Kaka amekuja chumbani kwangu. Alikaa pembeni ya kitanda, mikono katikati ya magoti, kama alivyokuwa akikaa zamani akishamvunjia Mama chombo. Akasema, "Lori limevuka. Mihimili yako ya ishirini na nne imefika. Umeshinda."

Akautazama mkono wangu.

"Mkono unauma?"

"Unauma."

Akainama kidogo, akaondoka. Nimelia, si kwa maumivu. Nimekumbuka alivyokuwa akinibeba mabegani tukivuka madimbwi haya haya. Huenda ameona kosa lake. Mtu anaweza kuona.

17 Aprili

Fremu imesimamishwa kinuni. Mabamba yamelazwa, rangi imepakwa. Nimeomba kwenda kuona, Kaka akasema nipumzike mpaka siku ya kupakia. Sauti ya upole. Mama amefurahi, anasema damu ni nzito kuliko maji.

20 Aprili

Nimefika karakana kwa mara ya kwanza. Magunia ya mchanga yamerundikwa uani, mvua ya zaidi ya mwezi imeyanyeshea. Moja limeota nyasi. Cheche alinisalimu bila kunitazama usoni. Nilidhani ni aibu ya kuniona na bandeji.

22 Aprili

Naandika yote, mkono ukichoka nitapumzika.

Asubuhi manyunyu. Uani kwa kinu walikuwepo mwenye kinu na suti yake, akina mama wapepetaji kama kumi, vibarua wetu, na Mama, aliyekuja na chupa ya chai kama alivyokuwa akimletea Baba. Jukwaa limesimama, rangi ya kijivu mpya, zuri kwa macho. Kigoda kimewekwa chini, katikati kabisa.

Nilikuwa naelekea kukaa, Cheche akapita karibu yangu na kamba begani. Akasema chinichini, "Dada, pima kabla hujakaa."

Niliinua mkono wa kushoto, ule mzima, kwenye mhimili. Kidole gumba ukingo wa chini, nikanyoosha. Kidole cha mwisho kikagusa ukingo wa juu.

Shubiri. Hapakuwa na nafasi ya kidole hata kimoja.

Nilirudia. Nikaenda kwenye mhimili wa pili nikapima. Nilihisi damu yote imeshuka miguuni. Si kwa kuogopa chuma. Ni kwa kumkumbuka mtu aliyekaa pembeni ya kitanda changu akaniambia nimeshinda.

"Hii ni ya ishirini," nilisema kwa sauti, wote wasikie. "Siketi."

Mwenye kinu akasema, "Ya ishirini nini?"

"Hajalala vizuri," alijibu Kaka, anatabasamu. Alinisogelea. "Kaa."

"Uliniambia lori limevuka."

"Kaa, Rula. Unanidhalilisha."

"Wewe ndiye uliyepiga hesabu hii. Kaa mwenyewe."

Alinizaba kofi mbele ya watu wote. Bandeji yangu iligonga nguzo na nikaona giza. Nilipofumbua macho alikuwa ameshaketi kwenye kigoda cha Baba, miguu ameipanua, Mshauri ameegemezwa kwenye nguzo ya karibu. Alinyoosha mkono kwa Mama. "Chai."

Mama akammiminia.

Hapo nilielewa jambo ambalo bado sijui nilifanye nini. Hakutaka kuniua. Aliamini litasimama. Alidanganya ili tu nisibishane naye, lakini chuma chake alikiamini kweli, kama mtu anavyoamini ngumi yake.

"Pakieni!" alisema.

Wakaanza. Walipanda kwa ngazi ya mbao, magunia mabegani. Na mimi nilisimama nje ya kivuli cha bamba, nikatazama, nikaona kitu kingine. Gunia la kilo hamsini kibarua hulibeba peke yake, huku anapiga soga. Leo walikuwa wanabeba wawiliwawili, na hawasemi kitu. Miaka yote Baba alipakia kiangazi. Desturi yetu inahesabu magunia, haiyapimi. Hatukuwahi kuwa na mizani. Mchanga ulikuwa umekunywa mvua ya wiki sita.

Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama pale na mdomo unavuja damu. Kama kila gunia limeongeza hata kilo kumi na mbili tu, tani kumi na mbili zinakaribia kumi na tano. Mihimili yangu ingezibeba kwa kuguna. Hii ya Kaka isingefika mwisho.

"Mchanga umelowa!" nilipiga kelele. "Acheni!"

"Ongezeni!" alisema Kaka.

Vibarua wakaongeza. Niliwatazama nyuso. Hakuna aliyetazama chini, alipo yeye. Yule aliyeng'olewa jino alikuwa anapanda ngazi kwa haraka kuliko wote. Kila mtu pale alikuwa na deni la Mshauri, na leo lilikuwa linalipwa kwa magunia. Na mimi, nikisema ukweli, kwa muda nilitaka walipe.

Kisha rangi ikaanza kubanduka. Chuma kinapokubali kupinda, rangi hutangulia kusema. Vipande vidogo vya kijivu vilidondoka kutoka katikati ya mhimili, kimoja kikaingia kwenye kikombe cha Kaka. Akakitoa kwa kidole, akanywa.

Bamba lilikuwa limebonyea. Lilionekana kwa macho, hata kwa macho ya Kaka kama angeinua kichwa.

Nikaingia chini. Nilimshika ukosi nikavuta. Alinipiga kiwiko tumboni. "Toka! Toka, usinitie aibu!" Niliona hatatoka. Angekaa pale mpaka chuma kimkalie. Basi nikamchukua Mshauri.

Nilimpiga begani, akacheka. Nikampiga juu ya sikio kwa nguvu zangu zote za kushoto. Macho yake yakageuka, akaanguka kutoka kwenye kigoda. Nilishika mguu mmoja. Mama mmoja mpepetaji, mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume, aliingia bila kuambiwa akashika mwingine. Tulimkokota, kichwa chake kikigonga sakafu.

Juu, Cheche alikuwa anapaza sauti, "Shukeni! Shukeni nyote!" Niliona miguu ikiruka ukingoni, mmoja, wawili, wanne. Kisha mlio, wa mnyama si wa chuma, mhimili ukajikunja kama mtu aliyepigwa tumboni, bamba likaja chini na mchanga wote. Upepo wake ulinisukuma kifudifudi.

Vumbi halikutimka kwa sababu ya unyevu. Kila kitu kilionekana mara moja. Cheche alikuwa ametelemka nalo, yeye wa mwisho. Kiunoni kwenda juu yuko nje. Mguu wa kushoto uko ndani.

Hakulia. Alisema, "Kata fremu upande ule, sio huu," akatuelekeza wapi tukate ili tumtoe.

23 Aprili

Wamemkata mguu chini ya goti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walituimbia shuleni. Huku aliyevunjika guu ni aliyesikia.

25 Aprili

Kaka ana nyuzi juu ya sikio na haongei. Mama hajaniangalia tangu siku ile. Leo akafungua mdomo.

"Umempiga kaka yako mbele ya watu."

Msimu mzima bomba lile limepiga migongo, mapaja, meno, vidole vya binti yake mwenyewe. Pigo analolililia ni moja. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

"Ndiyo," nilisema, "nimempiga. Ningempiga tena." Nikatoka nje kwenye mvua.

3 Mei

Mvua. Nimekwenda hospitali. Nilimuuliza Cheche kwa nini hakuniambia mapema kwamba anachomelea mihimili ya ishirini.

"Ningekuambia, ungekuja. Ungekuja, angekuvunja mkono wa pili. Halafu nani apige hesabu?"

"Na siku ile? Ungeweza kutopanda."

"Wale vijana wasingeshuka kwa sauti ya mtu mwingine." Akavuta shuka. "Mwanzoni nilipanda kwa nia mbaya, Dada. Ile rangi ilipodondoka nia ikaniisha."

Kabla sijaondoka aliniomba kitu. Alimtaka Mshauri.

11 Mei

Kaka ameingia karakana, akakaa, akatoka. Hakuna aliyemwamkia. Vibarua wamebaki kwa sababu mimi nimewaomba.

19 Mei

Barabara imefunguliwa. Lori limefika kweli, dereva ameota ndevu. Mihimili nimeipima mwenyewe. Shubiri na vidole viwili.

26 Mei

Cheche amerudi. Anachomelea akiwa ameketi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mkongojo wake: amemuungia Mshauri kipande kingine cha bomba, kijiti cha kwapa juu na mpira chini. Upande uliobonyea unatazama nje. "Ameajiriwa upya," aliniambia. "Kazi ngumu kidogo, ila ataizoea."

Kazi ya pili ilikuwa benchi fupi, kutokana na vipande vya ile mihimili iliyopinda. Kigoda cha Baba hakikupatikana, ila mbao mbili. Nilimuuliza kwa nini benchi.

"Desturi ilikuwa na kasoro. Hesabu anapiga mmoja, chuma anaamua mwingine. Wakae wote wawili."

2 Juni

Mvua imekata. Jukwaa jipya limesimama kinuni. Mchanga umeanikwa siku kadhaa. Mwenye kinu ametuazima mizani yake.

6 Juni

Kila gunia lilipitia kwenye mizani. Yaliyozidi yalipunguzwa, yaliyopungua yaliongezwa. Kazi ya kuchosha, na hakuna aliyelalamika. Wapepetaji walikuja wote, wakasimama mbali.

Mama alileta chai. Vikombe viwili. Kimoja alikiweka juu ya benchi, changu akanipa mkononi, na vidole vyake vikakaa juu ya vile vyangu vilivyopinda.

Nilikaa. Nafasi ya pembeni yangu ikabaki wazi. Kaka alikuwa amesimama kwenye lango, kovu limeng'aa. Niliona alivyoutazama mkongojo, akautambua. Vibarua walisimama na magunia mabegani, wanangoja. Cheche akajikongoja mpaka kwenye nguzo, akaligonga benchi kwa Mshauri, taratibu.

"Mkubwa, chai inapoa."

Nilidhani ataondoka. Alikuja. Kabla ya kuketi aliinua mkono wake mkubwa akaupima mhimili, polepole, midomo ikisogea kama mtoto anayehesabu. Akakaa.

"Pakieni," nilisema.

Walipakia. Sijamsamehe, na sidhani naye amenisamehe. Hatukutazamana. Rangi haikudondoka. Lakini kadiri magunia yalivyoongezeka juu yetu, goti lake lilianza kutetemeka, likawa linagonga langu, chai ikamwagika kwenye suruali yake. Mpaka gunia la mwisho liliendelea kugonga hivyo.

Langu sikulisogeza.